Maharagi ya Muntu Mumoja

Pinga, tarehe 12 mwezi wa pili 1953

Dada yangu Daphrose,

Yezu asifiwe mu nyumba yenu, kwa Papa, kwa ng'ombe, na kwako wewe wa kwanza. Mimi niko muzima, lakini si sana. Mvua ya huku haijui kupumzika. Nguo nilizofua siku ya Mungu iko bado mbichi ku kamba. Dispensaire inajaa watu kila asubuhi: vidonda, minyoo, homa, watoto wa kukohoa. Tangu mwenzangu alihamishwa Walikale, njo mimi peke yangu munganga hapa, na Gustave mulinzi ananisaidia kuchota maji na kuita majina ya wagonjwa.

Dada, kuna jambo. Mwezi uliopita ini iliniuma mpaka nikalala chini mbele ya watu. Bibi mumoja mwenye kidonda aliniuliza kama aniitie munganga! Docteur alipopita, aliniminya hapa chini ya mbavu, akasema: mafuta ya ngazi, basi. Vitu vya kukaanga, basi. Nyama ya mafuta, basi. Nikamwambia, Docteur, huku hata muchicha unaogelea mu mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya michikichi. Akasema: "Ujipikie." Akapanda camion, akaenda.

Nijipikie! Mimi mutoto wa Kanamugire, niliyekomalia nyuma ya ng'ombe, sijageuza hata bugali siku moja. Tangu muke wangu Béata alipanda huko kwenu kuzaa, nilikuwa ninanunua chakula cha majirani; sasa ninakula ndizi mbivu na chai. Wewe ulifundishwa na Masista kupika. Niandikie chakula kimoja chenye nguvu, bila mafuta, chakula muntu wa kuchoka anaweza kumaliza mbele ya giza kuingia. Kimoja tu. Nitakula hicho mpaka Béata arudi.

Na atarudi lini? Alisema mutoto akikaza shingo watashuka. Mutoto wa miezi mitano amekwisha kukaza shingo, mimi ni munganga, ninajua. Docteur hanipi congé hata siku mbili, dispensaire haiwezi kufungwa, siwezi kuja kuwachukua. Niambie wazi. Na unibusie Rosalie, mutoto wangu ninayemujua kwa jina tu.

Ndugu yako,
Narcisse


Kibabi, tarehe 15 mwezi wa tatu 1953

Mudogo wangu Narcisse,

Amani ikukute mu ile matope yenu. Barua yako Sebarenzi, mubebaji wetu wa maziwa, aliileta mu kitunga kimoja na vyombo vya maziwa. Ilinuka siagi, lakini niliisoma yote. Papa iko. Magoti inamuuma saa ya baridi, na hapa baridi haiishe. Ng'ombe Bihogo alizaa dume. Tuko na maziwa mingi kupita vyombo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Narcisse mu jiko! Wewe uliyelia machozi siku nilikuambia ushike ufagio! Lakini ini si muchezo. Basi sikiliza, na usiruke mustari hata mumoja namna ulikuwa unaruka sala.

Maharagi kwanza. Mangaribi, uyaloweke mu maji. Asubuhi mwaga ile maji, tia mengine, uchemshe na moto mingi wakati unanyoa ndevu na kusali. Chumvi, bado. Yakikwisha kutokota sana, lakini sana, usikae kuyaangalia. Chukua kitunga, jaza manyasi makavu, ingiza sufuria ndani na kifuniko chake ingali ya moto kabisa, tia manyasi ingine juu, halafu blanketi. Enda ku kazi yako. Maharagi itajiivisha yenyewe bila kuni. Na mimi sikuamini, siku Sista alituonyesha. Tulifikiri ni mambo ya Wazungu tu. Mangaribi tukafunua, tukakuta ile kitu imelainika kabisa.

Ukirudi, kazi inabaki kidogo. Nyama isiyo na mafuta uipige-pige na kisu mpaka iwe ndogo-ndogo. Tia mu sufuria na kitunguu, na tomati mingi, na pili-pili ya kuponda, vyote viive mu maji ya tomati. Mwaga maharagi juu, tia chumvi, chemsha tena mpaka mchuzi uwe muzito. Ninajua unataka kuuliza: hata kijiko kimoja cha mafuta? Hata kimoja!

Tena friti, vile viazi vya Wazungu, sababu ninajua roho yako. Si za kukaanga. Kata viazi nyembamba kama mugongo wa kisu, osha, tia chumvi, panga mu sufuria ya chuma, kimoja kisilale juu ya kingine. Funika. Makala weka juu ya kifuniko, na chini kidogo. Hiyo njo furu ya maskini, ya kuoka bila jiko ya Wazungu. Zikibadilika rangi, geuza. Utazisikia zinalia mu meno.

Papa anasema hivi: ukikula, funga mulango. Muntu wa kwetu hatafune mbele ya wageni. Kunywa, sawa, kutafuna ni haya. Na mimi ninasema vile vile, zaidi kwa mwanaume mwenye kujipikia! Funga, kula, nawa mikono, njo ufungue.

Béata anakusalimia. Rosalie iko na kikohozi, na njia ya pori iko na unyevu mubaya. Tungoje kwanza. Tunalala nyumba moja, wao na mimi. Tangu marehemu bwana yangu alikufa, hii nyumba haikusikia mutoto analia. Usitukimbize.

Dada yako,
Daphrose


Pinga, tarehe 9 mwezi wa ine 1953

Dada Daphrose,

Salamu mingi, na pole kwa magoti ya Papa. Amufunge kitambaa cha moto, asikubali yule muntu wa kuchanja na wembe. Bihogo aishi! Ningepewa kikombe kimoja cha ile maziwa, ningelia.

Sasa nikueleze haya yangu. Maharagi, aksanti, nilifanya kama uliandika. Gustave aliniona nikilaza sufuria mu manyasi na kuifunika blanketi, akauliza kama iko na homa. Mangaribi nilifunua na wasiwasi. Dada, yaliiva! Niliyashika na vidole, yakapondeka. Niliita "Béata!" mbele ya kukumbuka.

Lakini friti! Viazi vya kwetu havifike huku, nikatumia ndizi mbichi. Nikaweka makala mingi chini, sababu niliona ya juu itakuwa ni mapambo tu. Chini zikawa makala na zenyewe, juu zikabaki za kulegea kama sikio ya mbuzi. Nilizikula vilevile. Daphrose, uliandika kila kitu ao uliacha kitu? Ninakujua, wewe na mapishi yako, unapenda watu wabakie wanakuhitaji.

Mulango ninafunga. Ninakaa ku kiti, ninaangalia ukuta. Inje wanaume wa hapa wanakulaka wote pamoja mu baraza. Kila mwanamuke anapeleka chakula chake pale na mikono yote inaingia mu kila sahani. Wanacheka sana. Kuta ya huku ni ya miti na udongo, ninasikia kila neno. Nikimaliza ninafungua, na wao wamekwisha kuenda kulala.

Kikohozi ya Rosalie ilipona? Ya wiki ngapi? Iko kavu ao na makohozi? Haukunijibia kama Béata anakuja lini. Nilikuuliza wazi. Umusomee hii barua, na umuulize akiwa amekaa, asijibu akipita.

Narcisse


Kibabi, tarehe 20 mwezi wa tano 1953

Mudogo wangu,

Uko namna gani? Sisi tuko. Nilichelewa kuandika. Mvua ilibomoa daraja ya chini na Sebarenzi alikaa bila kushuka Masisi. Maziwa tuliimwagia ndama. Papa anauliza kama ini imetulia, lakini anauliza kama muntu anayeuliza habari ya jirani. Unamujua.

Kweli nilisahau. Ukikwisha kuosha vipande, upanguse na kitambaa safi mpaka vikauke kabisa. Friti yenye maji haiive, inachemuka tu. Na moto wa juu njo mingi, si wa chini! Nilikuambia! Nilijaribu tena mimi mwenyewe hapa, na viazi, nisije nikakudanganya. Zilitoka vizuri, za rangi ya asali. Watu wa hapa walizikula zote wamesimama, na walicheka sana kusikia zimetengenezwa kwa ajili ya mwanaume anayejipikia Pinga.

Usiweke pili-pili mingi. Ini haipende.

Rosalie anaota meno. Anakamata nywele zangu na mikono yote mbili na haachilie. Saa ya kulala anataka mugongo wangu mimi, hata mama yake akimuita. Njia iko bado mubaya.

Daphrose


Pinga, tarehe 24 mwezi wa sita 1953

Dada Daphrose,

Jambo kwako, jambo kwa Papa. Kazi iko. Tuliwachanja watoto wa vijiji vitatu na mukono wangu unaniuma mpaka ku bega. Ini imetulia, aksanti kwako. Docteur alipita, akaniminya, akasema "Très bien", vizuri sana, akauliza ninakula nini. Nikamwambia maharagi na pili-pili, na friti bila mafuta. Alicheka, alifikiri ninafanya mizaha.

Na friti sasa ninajua. Ninapangusa, ninatia moto juu, ninageuza mara moja, ninangojea. Zinalia mu meno kweli. Kutoka kuvua nguo ya kazi mpaka kukaa ku meza, maji ya kunawa haijapoa. Ningependa muntu aone namna ninafanya hii kazi mbio-mbio, lakini hakuna wa kuona. Nimefunga mulango, ninatafuna, na ile kelele ya friti inajaza nyumba yote. Juzi niliacha kutafuna katikati, nikangojea, ni kama muntu mwingine angejibu.

"Watu wa hapa walizikula." Watu gani, dada? Mu nyumba yenu iko Papa, asiyekula mbele ya muntu, na wewe, na Béata. Njo kusema Béata alikula friti zangu, amesimama, na akacheka. Unaona shida gani kuniandikia ile jina?

Nikueleze kitu kingine. Jana Gustave alikuja kuniletea funguo ya dispensaire, akakuta nimefunga. Alingojea. Nilipofungua, akasema: "Munganga, usikasirike, lakini unajua wanakuita nani mu baraza?" Nikasema sijui. Akasema: "Chui. Sababu chui njo anakamata nyama na kupanda nayo peke yake." Nikamwambia, Gustave, ni desturi ya kwetu, ni heshima. Akasema: "Labda. Lakini huku muntu anayejificha na sahani, tunajiuliza ndani ya ile sahani kuna nini." Akaongeza: "Na muke wako walikuwa wanamuita muke wa chui."

Sikulala vizuri. Mwaka muzima Béata alikaa hapa, mimi mu dispensaire kutoka asubuhi, yeye mu hii nyumba. Mimi njo niliyemuambia afunge mulango. Sasa nimekaa ku kiti ileile, ninaona ukuta uleule alikuwa anaona. Dada, ile ukuta haina kitu kabisa.

Musomee hii. Yote, kuanzia juu mpaka chini. Mwambie kama ninaomba arudi, na kama mulango hautafungwa tena. Ninangojea jibu lake, si lako.

Narcisse


Pinga, tarehe 17 mwezi wa munane 1953

Dada,

Ninakusalimu. Ninasalimu Papa. Sikupata barua. Mara mbili wapagazi wa chumvi, wenye kubeba barua zetu, walipita, mara mbili niliwakimbilia, hakuna kitu. Ninajaribu kuamini daraja ilibomoka tena.

Kwa kuwa haunijibie, nikueleze nilifanya nini, na Papa akitaka kunilaani, anilaani.

Siku ya Mungu nilipika sufuria kubwa. Nilinunua nyama ya pori kwa Barthélemy, mutegaji, munofu usio na mafuta hata kidogo. Nilipiga ile nyama mpaka mukono ukachoka. Friti za ndizi nilizitengeneza mara ine, sababu sufuria ya chuma ni moja. Halafu nikabeba vyote, nikapita mbele ya nyumba za watu wakiniangalia, mwanaume na sufuria ku mikono, nikaingia mu baraza, nikaweka chini katikati ya sahani za wengine. Nikakaa.

Hakuna mukono uliotoka. Barthélemy aliangalia sufuria, akaangalia mimi. Mwisho Gustave akasema kwa sauti ya chini: "Munganga, mwenye kuleta njo anaonja wa kwanza."

Dada, unajua namna nilikomalia. Sijawahi kutafuna mbele ya muntu tangu niliota ndevu, hata mbele yako. Nilikamata friti moja, nikatia mu maharagi, nikaweka mu kinywa. Ile kelele! Wote walisikia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikatafuna, nikameza, machozi ikanitoka. Nikasema ni pili-pili.

Barthélemy akapiga mapaja yake. "Kumbe iko na meno kama sisi!" Basi wakacheka, mikono ikaingia yote, na friti ziliisha mbele ya sahani zote zingine. Mara moja wakaanza kunigombeza. "Munganga, chakula bila ngazi ni cha matanga, nani amekufa kwako?" "Wiki ijayo weka mafuta!" Mwingine akasema pili-pili ni ya watoto. Niligombezwa mpaka usiku ukaingia. Kwa muda murefu sijafurahi namna ile.

Lakini wakati wa kurudi, nilipita ku jiko ya Hélène, muke wa Gustave. Alikuwa anasugua vyombo. Hakunisalimu. Akasema: "Siku moja Béata alikula hapa na sisi. Alikaa hapa, ku hii kiti. Alikula kama muntu aliyetoka safari. Kesho yake hakuja, kesho kutwa hakuja. Nikaenda kumuuliza, akasema bwana hapendi. Na leo wewe unakula na bwana yangu?"

Ni kweli ile siku nilikasirika, nikakaa bila kumuongelesha. Niliona nimelinda heshima ya Papa.

Basi sasa nakuuliza wewe, Daphrose, dada yangu wa tumbo moja, na ujibu kama mbele ya altare ya kanisa: unamusomea Béata barua zangu?

Narcisse


Kibabi, tarehe 6 mwezi wa tisa 1953

Narcisse,

Hapana.

Ile ya kwanza nilimusomea nusu, kipande cha ini. Zingine nilizisoma mwenyewe, nikazitia chini ya godoro. Hakujua kusoma, na mimi njo nilikuwa macho yake. Daraja ilikuwa imekwisha kutengenezwa zamani. Kikohozi ya Rosalie ilidumu wiki moja tu, mu mwezi wa tatu. Haya, unajua sasa.

Wewe unaandika kama ukuta wako hauna kitu. Na wangu? Unafikiri mimi nilikula na nani hii miaka yote? Papa anakula mu nyumba yake na mulango wa kufunga, ninamusukumia sahani, ninaichukua ikiwa tupu, hata "imekuwa tamu" sijasikia. Mimi ninafunga wangu. Kila jioni, tangu bwana yangu alizikwa. Halafu wewe ukanitumia Béata na tumbo lake, na kwa mara ya kwanza kulikuwa muntu wa kuniambia "ongeza chumvi." Hatukufunga mulango, sisi wawili. Tulikula pamoja mu jiko, tukitafuna na kuongea, na Papa hakujua. Mutoto akazaliwa mu mikono yangu. Halafu wewe unaandika: arudi, arudi, arudi. Niliona kila barua yako ni muntu anayekuja kubomoa nyumba. Nilikuchukia kidogo, ndugu yangu. Ninakuambia ukweli.

Siku friti zilitoka vizuri, njo Béata aliyezikula. Aliuliza ninapikia nani. Nikasema, ninamujaribia Narcisse, anajipikia. Alicheka mpaka Rosalie akaamuka. Halafu akauliza: "Na anakula na nani?" Nikasema sijui. Nilijua, niliondoka kuchota maji.

Barua yako ya baraza ilinishinda. Niliisoma nimesimama inje. Siku ya Mungu, kisha misa, nilitoa zote chini ya godoro na nikamusomea, kuanzia ya kwanza, kila neno, hata pale unanitukana. Alisikiliza akinyonyesha. Hakusema kitu mbaya. Pale ya Hélène aliniomba nirudilie. Pale ulitafuna mbele ya watu, alifunika uso, sijui kama alicheka ao alilia. Nilipomaliza akasema: "Wapagazi wa chumvi wanashuka lini?"

Wameondoka leo asubuhi. Nimemupa viazi vya kukutosha siku mingi, na kitunguu, na sufuria yangu ya chuma, sababu yako ni moja na sasa muko watatu. Rosalie hakulia. Alifikiri tunaenda wote. Niliwasindikiza mpaka ku kilima, nikarudi.

Papa aliuliza mbona nyumba imenyamaza. Nikamwambia.

Usinisamehe haraka-haraka. Lakini uniandikie, hata kama hakuna habari, hata mustari mumoja kama mvua inanyesha.

Daphrose


Pinga, tarehe 29 mwezi wa tisa 1953

Dada yangu Daphrose,

Salamu kutoka kwa watu watatu. Mvua inanyesha.

Walifika salama, miguu ya Béata imevimba kidogo, nimeiloweka mu maji ya chumvi. Rosalie aliniangalia kama polisi anaangalia mwizi, halafu akakamata masikio yangu. Iko na meno ine! Haukuniandikia kama iko na sura ya Mama yetu. Nilikaa nikimuangalia mpaka Gustave akaja kuniita, wagonjwa walikuwa wamepanga mustari.

Nilipotoka kazini nilitaka kumupikia Béata mimi mwenyewe, aone. Sikumukuta mu nyumba. Alikuwa kwa Hélène, amekaa pamoja na wanawake, mutoto ku mapaja ya muntu sijui nani, anakula na mukono wote na kusimulia safari kwa sauti kubwa. Nilisimama pale kando. Aliniona, hakuacha kutafuna. Akasogea kidogo, akanionyesha nafasi. Lakini wanawake walinifukuza, walisema mahali pangu ni baraza. Basi nikaenda baraza na sufuria yangu. Barthélemy amekwisha kuzoea, anauliza friti ziko wapi mbele ya kunisalimu.

Kuhusu ile uliandika, nilikasirika. Nilitembea mpaka ku muto na kurudi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kukuandikia, makali. Nilimuambia Béata: "Dada yangu aliiba miezi yangu, na wewe haukujua." Alikuwa anakunja nguo za mutoto. Akaniangalia namna unaangalia muntu anayechelewa kuelewa.

Dada, alijua. Alijua tangu zamani. Anasema kila siku Sebarenzi alipoleta barua, ulimutoa Rosalie ku mukono wake na haukumuweka chini mpaka giza, hata saa ya kunyonya ulimuleta kwa shida. Nikamuuliza: "Basi mbona haukumuomba Daphrose akusomee? Mbona haukurudi?" Nitakuandikia maneno yake vile aliyasema, sitaongeza kitu:

"Ku Pinga nilijifunza namna muntu anakula peke yake. Sikuweza kuamuka asubuhi moja na kumuachia dada yako ile kitu, kula peke yake. Nilikuwa ninangojea anifukuze yeye mwenyewe."

Halafu amekunja nguo zote, amezima taa, na sasa niko naandikia mbele ya makala ya jiko. Nilifikiri analala. Lakini ameniita, anasema barua haijaisha, nikuulize hii kwanza, na nisiifunge mpaka niiandike: leo mangaribi ulikula na nani?

Ndugu yako,
Narcisse